Jina Lililomnyima Mchezaji Ujira

Mwaka 1995, Ed O'Bannon, mshambulizi wa timu ya mpira wa vikapu ya Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, alifunga pointi 30 katika fainali na kukipatia chuo ubingwa wa Marekani. Alilipiwa karo, ujira hakupata. Aliitwa "mwanafunzi-mwanamichezo", jina lililobuniwa na wasimamizi miaka ya 1950 ili wachezaji wanaoumia wasidai fidia kama wafanyakazi. Baadaye, akiwa muuza magari, aliona sura yake katika mchezo wa video. Akashtaki mwaka 2009, akashinda 2014. Mimi, mwanaisimu, nimezoea kuuliza maana ya neno. Walimu wenzangu, tuwafunze wanafunzi kuuliza pia: limetungwa na nani, kwa faida ya nani?