Kwa lugha anayoielewa

Nilikuwa nikipekua Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 nikitafuta habari za likizo, jicho likanasa kwenye kifungu cha 41. Mwajiri anayetaka kumwachisha mtu kazi kwa utovu wa nidhamu, kwa kazi duni au kwa kutojiweza kimwili, lazima kwanza amweleze sababu, tena kwa lugha anayoielewa. Sheria haikutaja lugha yoyote kwa jina. Basi hapa Bungoma, ambako mtu hulala na Lubukusu, akaamkia Kiswahili sokoni na kupewa barua za kazi kwa Kiingereza, lugha yenyewe ni ipi?

Swali hilo nililipeleka kwa mama mmoja anayesimamia stoo ya duka la vifaa vya ujenzi mjini. Jina lake silitaji, maana anaowasimulia bado wanafahamiana. Alicheka kwanza. Kwake yeye, lugha huja baadaye. Kinachotangulia ni kiti. Ofisini mwake mna kiti kimoja cha mgeni, kifupi, mguu umelegea. Anayeitwa kukikalia hujua yamemfika kabla hajasikia neno.

Kwa hiyo haiti mtu ofisini. Husubiri lori la mwisho liondoke, mnamo saa kumi na moja jioni, akaenda stoo na daftari lake, akaketi juu ya mifuko ya simenti na kumwachia mwenzake mfuko wa pili. Hafungui kinywa kusema kazi yako mbaya. Hufungua ukurasa: mifuko iliyoshuka ni hii, iliyoandikwa ni hii. “Hapa tulipoteana wapi?” Halafu hunyamaza. Huko kunyamaza, anasema, ndiko kulikomchukua miaka kujifunza, kwa sababu bosi akiuliza hujijibu mwenyewe.

Kisha akanisimulia habari ya mzee mmoja, karani wa stoo, umri wa babake. Hesabu zilikuwa zikimponyoka. Aliyemtangulia mama huyu alikuwa amempa barua mbili za onyo, zote kwa Kiingereza, zote zimetiwa saini. Mama akamwekea ile ya kwanza mapajani.

“Papa, barua hii inasema nini?”

“Inasema nimepokea.”

Niliandika jibu hilo, nikalipigia mstari. Mzee hakuwa akifanya ujanja. Aliletewa karatasi, akaoneshwa pa kutia saini, akatia, kama anavyotia kila siku kwenye risiti za mabati na misumari. Kwenye faili alikuwa ameonywa mara mbili. Yeye mwenyewe hakujua ameonywa hata mara moja.

Mama alianza kumfasiria kwa Lubukusu, akakwama. Maneno anayo, adabu ndiyo iliyomzuia. Mzee huyu alitahiriwa kabla mama hajazaliwa, na binti hamwambii baba kwamba amezembea. Akamwomba achague mtu wa kukaa nao. Hilo limo kwenye kifungu kilekile: mfanyakazi ana haki ya kuja na mwenzake wa kazini, au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, na mwajiri lazima awasikilize wote wawili. Mzee akamchagua utingo wa lori. Yaliyomshinda mama kuyatamka yakapitia kwa utingo, nusu kwa utani, na mzee akasema lake: mwandiko wa risiti za siku hizi ni mdogo mno kwake.

Waajiri wengi hukijua kifungu hiki wakishachelewa. Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi iko hapahapa Bungoma, na fidia ya kuachishwa isivyo haki huweza kufika mshahara wa miezi 12. Katika kesi ya Ol Tukai Lodge, mwaka 2013, mahakama ilitaka mwajiri anayelalamikia kazi duni aoneshe aliipima kwa kipimo gani. Daftari la mama huyu lingetosha? Sijui. Lakini barua zile mbili zilipima nini?

Mzee alikaa miezi mitatu zaidi, hesabu zikanyooka kidogo, kisha akaaga mwenyewe akarudi shambani kwake upande wa Kimilili. Kama mazungumzo yale yalimsaidia au yalimwaibisha, mama hajapata kujua, na hajathubutu kumuuliza.

Barua zote mbili bado ziko kwenye faili, na saini zake zinasomeka vizuri.