Spiriti si dawa ya faiba

Swali huja kwa maneno tofauti, lakini ni lilelile: "Fundi, nimeshaifuta kwa spiriti, mbona linki bado inakatakata?" Linakuja kwa WhatsApp, linakuja kwa simu usiku wa manane, na linakuja kutoka kwa watu wenye vyeti ambao kwa kuseti rauta wananishinda. Anayeuliza huwa ameshajipa jibu: SFP, kile kipande cha kutuma na kupokea mwanga kinachochomekwa kwenye swichi, imekufa, anachotaka ni mimi niitikie ili akaombe hela ya nyingine. Mara nyingi SFP haina kosa lolote. Kilichoiangusha linki ni hiyo spiriti, au shati lililotangulia spiriti, au pumzi iliyopulizwa kwenye konekta kabla ya vyote viwili.

Nimechoka kulijibu vipande vipande, kwa hiyo leo nalimaliza hapa.

Vipimo kwanza, maana bila vipimo ubishi hauishi. Kwenye faiba ya singomodi, ile yenye ganda la njano iliyojaa kwenye raki zetu, njia ya mwanga ina upana wa mikroni 9 hivi. Kioo kizima kinachoizunguka ni mikroni 125. Unywele wa mtu huwa karibu mikroni 70. Chembe isiyofika hata robo ya unene wa unywele, ikitua katikati, imeifunika njia yote. Basi mtu akiniambia, "Nimeiangalia, iko safi," huwa sijui ameangalia nini. Uchafu unaoua linki hauonekani kwa macho. Na kama upande wa pili umewashwa, hata mwanga wenyewe hauonekani: nanomita 1310 na 1550 ziko nje ya uwezo wa jicho, kwa hiyo jicho halipepesi wala halijikingi. SFP ya kawaida nguvu yake ni ndogo, lakini kwenye chumba chenye vikuza mwanga vya masafa marefu hujui kebo uliyoishika inatoka wapi. Usichungulie konekta.

Sasa shati. Fundi anachomoa pachikodi, anaipitisha mara mbili kwenye mkono wa shati kama anayefuta miwani, anachomeka. Shati la saa nane mchana Dar es Salaam lina jasho, maana yake chumvi na mafuta ya ngozi. Lina masalia ya sabuni ya unga. Lina manyoya ya pamba. Chumba chenyewe mara nyingi bado hakijakabidhiwa: mlango wa pili kuna mtu anakata vigae, na vumbi la jipsamu limetanda juu ya kila raki. Ukisugua feruli ya seramiki kwenye kitambaa kikavu, inapata chaji ya umeme tuli na kuanza kuvuta vumbi hilo hilo. Halafu punje ngumu ikiburuzwa juu ya kioo huacha mkwaruzo. Vumbi linasafishika. Mkwaruzo uliopita katikati ya njia ya mwanga hausafishiki. Konekta hiyo inakatwa na kutupwa.

Kupuliza sitakuongelea kirefu. Pumzi ni unyevu, na mara nyingine ni mate.

Spiriti ndiyo yenye wafuasi wengi, kwa sababu ina sura ya utaalamu: chupa, harufu, kipande cha pamba. Basi tusome kilichomo. Spiriti ya kupakia ngozi iliyotengenezwa kwa fomula ya Uingereza huwa na mafuta ya nyonyo, yamewekwa makusudi ili ngozi isikauke. Alkoholi inaruka, mafuta yanabaki juu ya kioo, na vumbi la siku nzima linakuja kunasa hapo. Ile ya zambarau au bluu imetiwa rangi na vitu vingine ili watu wasiinywe. Vitu hivyo haviruki pamoja na alkoholi. Ile iliyoandikwa asilimia 70, sehemu kubwa ya kinachobaki ni maji. Na tangu korona, wameongezeka wanaotumia sanitaiza ya mikono. Fomula iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani ina gliserini asilimia 1.45, kwa faida ya ngozi yako. Kioo hakina ngozi. Gliserini haikauki, inakaa pale inang'aa.

Hapo anayebisha huleta hoja ya mwisho: "Mimi natumia isopropili ya asilimia 99." Vizuri, hiyo kweli ni kemikali ya kazi hii. Lakini chupa iliyofunguliwa hunyonya unyevu wa hewa, na kwa hewa ya Mombasa au Dar haichukui muda kuacha kuwa 99. Pamba ya dukani inaacha nyuzi. Na watu wanamwaga: tone moja linatosha, wao wanalowesha, mafuta yanayeyuka, yanasambaa, yanakauka yakiwa pete ya ukungu kuzunguka katikati ya konekta. Njia sahihi ni karatasi isiyotoa nyuzi, tone moja upande mmoja, konekta inaanzia palipo na unyevu inaishia pakavu, mara moja, kuelekea upande mmoja, kisha unaangalia kwa darubini. Anayefanya hivyo huwa hanipigii simu.

Kuna pia waliogundua vijiti vya pamba vya masikioni na kuvisukuma ndani ya mlango wa SFP. Ndani mle alkoholi haiwezi kufutwa ikakauka, na nyuzi zikibaki hutazitoa tena.

"Lakini fundi, nikiifuta inarudi." Najua inarudi. Hili ndilo linaloipa imani hii uhai, kwa hiyo nitulie nalo kidogo.

Ukichomoa na kuchomeka, uchafu unasogea. Kama ulikuwa katikati ya njia ya mwanga ukasukumwa mikroni chache pembeni, upotevu unashuka, taa inawaka kijani, na shati linapata sifa isiyo yake. Ungechomoa na kuchomeka bila kufuta chochote, mara nyingi matokeo yangekuwa hayo hayo. Kisha mtu anagusa kebo akitafuta nyingine, uchafu unarudi njiani, na tunaanza upya.

La pili ni hesabu. Chukua SFP za 10G za kilomita 10, zile zinazoitwa LR. Kwa kiwango chake, upande wa kutuma unaweza kutoa mwanga mdogo hadi −8.2 dBm, na upande wa kupokea unahitaji angalau −14.4. Katikati yake una desibeli 6.2 za kupoteza. Linki ya mita mbili, swichi kwa swichi ndani ya raki moja, haipotezi karibu chochote kwenye kioo. Konekta chafu ikila desibeli 3, yaani nusu ya mwanga wote, linki hiyo bado inawaka kijani na fundi anaondoka akipiga mluzi. Mpeleke fundi huyo huyo na shati lake kwenye linki ya kilomita 10 kamili: kioo peke yake kinakula desibeli 3.5 hivi, kilichobaki ni 2.7 kwa konekta zote na maungio yote. Hapo shati halirudishi kitu, na hapo ndipo simu yangu inalia. Ushahidi wote wa watu wa shati na spiriti umetoka kwenye linki fupi ambazo zingewaka hata zikipakwa ugali.

Na kijani si ushahidi wa usafi. Uchafu huacha mwanya mwembamba wa hewa kati ya kioo na kioo, na kila mwanga unapopita kutoka kioo kwenda hewani, karibu asilimia 4 hugeuka na kurudi ulikotoka. Leza haipendi kurudishiwa mwanga wake. Linki inakuwa juu, pakiti zinapotea moja moja, makosa yanahesabika kwenye kaunta ya interfesi ambayo hakuna anayeifungua, na mteja analalamika kwamba "intaneti ni nzito".

Kisha inakuja SFP mpya. Ile kebo chafu inachomekwa kwenye SFP mpya, na ndani ya SFP kuna kioo kinachogusana na kioo cha kebo kwa msukumo wa springi. Uchafu unahamia. Linki isipowaka, kebo inajaribiwa kwenye mlango wa pili, wa tatu, wa nne. Jioni kuna milango minne michafu na kebo moja iliyoanzisha yote, na ripoti inayosema kwamba kundi zima la SFP lilikuja bovu. Nimeona SFP zilizorudishwa dukani namna hiyo. Nilizisafisha mezani na zikafanya kazi.

Msijifiche nyuma ya kifuniko pia. Kile kikofia cha plastiki kinazuia konekta isigongwe, hakihakikishi usafi. Plastiki yenyewe huacha masalia ya kiwandani, na vikofia vingi nimeviona vikitolewa mfukoni mwa suruali pamoja na funguo na chenji. Pachikodi mpya iliyotoka kwenye mfuko wake inakaguliwa kama ya zamani.

Weka konekta iliyofutwa kwa shati kwenye darubini ya faiba yenye kamera, ukuzaji mara 400. Unaona duara la kijivu, ndicho kioo cha mikroni 125, na katikati doa dogo ambalo ndilo njia ya mwanga. Juu yake kuna uzi mmoja umelala kama barabara, michirizi ya mafuta yote imeelekea upande mmoja, ule mkono ulikoelekea, na punje nyeusi zimejipanga mwishoni mwa michirizi. Ya spiriti inakuwa na pete, na ndani ya pete ukungu. Kiwango cha kimataifa cha ukaguzi, IEC 61300-3-35, kinaugawa uso huo katika kanda za mviringo, na kanda ya katikati ndiyo yenye masharti makali kuliko zote. Mwonyeshe fundi picha hiyo ya kazi ya shati lake. Huwa haongei sana baada ya hapo.

Dawa ni ndogo: kalamu ya kusafishia konekta, ile inayolia tik. Ndani ina uzi mkavu unaojizungusha na kusogea kila ukibonyeza, kwa hiyo kila mara unatumia sehemu mpya. Ya milimita 1.25 ni ya konekta za LC, ya 2.5 ni ya konekta za SC, na zote zinaingia hadi ndani ya mlango wa SFP na wa ODF, ile paneli ya kugawia faiba. Moja inatosha mamia ya konekta. Angalia, safisha, angalia tena, ndipo uchomeke. Pande zote mbili, kebo na mlango. Ikigoma kwa kalamu, ndipo isopropili kwa namna niliyoeleza. Zima leza kwanza.

Mengine yote mnayoniuliza kuhusu kufunga raki, haraka haraka. Raki ifungwe sakafuni kabla ya kupakiwa, betri na vizito vyote chini, chesisi kubwa ibebwe na watu wawili. U moja ni milimita 44.45, hesabu kutoka chini na uweke alama kabla ya kupiga nati za M6. Angalia feni za kila kifaa zinavuta hewa wapi: vyote vivute mbele vitoe nyuma, na nafasi tupu zizibwe, la sivyo hewa ya moto inazunguka kurudi mbele na kiyoyozi kinafanya kazi bure. "Faiba haina umeme" ni kweli kwa kioo, si kweli kwa kebo ya nje yenye deraya ya chuma. Deraya hiyo iende ethi inapoingia jengoni, na kila chesisi iwe na ethi yake. Kwenye mfumo wa volti 48 za DC, chanya ndiyo inayokwenda ethi, na waliozoea gari hukosea hapo. Umeme A na B utoke vyanzo viwili, si soketi mbili za ekstensheni moja.

Kebo: konekta ya kijani haichomekwi kwenye ya bluu hata kama inaingia, kwa sababu kijani imekatwa kwa mshazari wa digrii 8 na bluu haina mshazari, vioo havigusani. Kutuma kuende kupokea. Funga kwa velkro, usikaze kwa tai za plastiki. Faiba iwe na njia yake, isilaliwe na kebo za shaba. Faiba ya G.652 isikunjwe chini ya nusu kipenyo cha milimita 30, ya G.657.A1 inavumilia 10. Ukipima ukakuta 1310 iko vizuri na 1550 imeshuka, tafuta mkunjo kabla ya kutafuta uchafu. SFP ya kilomita 80 usiijaribie mezani kwa pachikodi ya mita mbili bila kipunguza mwanga, utakiunguza kipokezi. Lebo ncha zote mbili.

Na siku ya kukabidhi, ingia kwenye kila swichi, soma mwanga unaopokelewa kwenye kila mlango, uandike kwa dBm, pande zote mbili, karatasi moja ibandikwe ndani ya mlango wa raki na nakala ibaki kwako. Mteja akipiga simu baadaye, muulize mlango huo leo unasoma ngapi. Iliyokuwa −5 ikisoma −5, tatizo ni la rauta, lirudishwe kwa mwenye vyeti. Ikisoma −9, chukua kalamu.