Tunapotengeneza freni za kamioneti, tusisahau tiyo

Ndugu wanamemba wa koperative, katika namba hii hatutasema juu ya mbegu wala juu ya mbolea. Tutasema juu ya tiyo za freni. Wengine watauliza: maagronome na freni, wapi na wapi? Jibu ni fupi. Mavuno yakianguka bondeni pamoja na watu waliokaa juu ya mifuko, hata shamba lingezaa namna gani, hakuna faida.

Kuna sababu ingine, na hiyo inatuhusu sisi wenyewe. Koperative moja tunayoisindikiza, kule milima ya Walungu, ilituletea devi ya garaji kwa Hilux yake ya zamani. Ndani mulikuwa garnitire za nyuma, plakete za mbele, silindre za magurudumu, na tiyo mpya zote. Tulipofika kwenye tiyo tukasema: hizi za zamani bado zinashika, hazivuji, tuzitoe kwenye devi, pesa ile inunue mifuko. Kamati ikatusikiliza. Siku chache nyuma, gari ikiwa na mzigo wa maharagi kwenda Uvira, tiyo ya nyuma ikapasuka katika mteremko wa Ngomo. Freni za mbele zilibaki, lakini pedali ilikuwa imeshuka karibu na chini, na freni za mbele peke yake haziwezi kushika mzigo ule. Shofere akaingiza vitesi ya kwanza na kuiegemeza gari kwenye ukuta wa mlima. Hakuna aliyekufa. Shofere njo alituokoa, hapana akili yetu.

Kwa nini ilipasuka baada ya matengenezo, wakati zamani ilikuwa inatembea tu? Freni inafanya kazi kwa nguvu ya mafuta yaliyofungiwa. Mguu unakandamiza pedali, pompi kubwa inasukuma mafuta ndani ya tiyo, na nguvu ile inafika sawasawa kila mahali. Silindre za zamani zilikuwa zinavuja kidogo, basi nguvu haikupanda sana. Tulipoweka mpya, nguvu yote ikabaki ndani, ikatafuta mahali penye udhaifu. Na udhaifu ulikuwa chini ya kishikizo kimoja pa shasi, pale matope yanakaa miezi. Kutu ilikula chuma kwa nje. Ukipita na macho unaona paka rangi na vumbi. Kwa hiyo ukiwa na gari ya miaka mingi, ukigusa silindre, hesabu na tiyo.

Sasa, tiyo gani? Kwa kamioneti nyingi za Kijapani ni ile ya milimeta 4.75 kwa nje. Nzuri ni ya chuma iliyofunikwa juu ya kutu, ao ile ya shaba iliyochanganywa na nikeli, ambayo inapindika vizuri na kutu haiiwezi. Mafundi wengi wanaleta tiyo nyekundu ya shaba tupu, ile ya frigo. Sisi Wakongomani shaba tunaijua, Katanga imejaa nayo, lakini hapa haifai: ikitikiswa barabarani inakuwa ngumu, kisha inapasuka.

Kazi yenyewe iko kwenye mdomo wa tiyo, na hapa tunaomba mwanakamati mmoja asimame karibu na fundi na aangalie. Tiyo ikatwe na kikata-tiyo cha gurudumu, hapana na msumeno, sababu msumeno unaacha unga wa chuma ndani. Makali yaondolewe, tiyo ipulizwe. Kisha rakore iingizwe KWANZA kabla ya kufungua mdomo. Hata fundi wa miaka 20 anaisahau, na anaanza upya. Halafu mdomo unafunguliwa na kukunjwa mara mbili, ukingo unarudi ndani yake. Mdomo uliokunjwa mara moja tu ni mwembamba, utapasuka chini ya nguvu ya freni. Ukiisha, uangalie kwenye mwanga: uwe wa duara, usio na ufa, usiolalia upande mmoja. Ukilalia, kata, rudia. Gari zingine, hasa za Ulaya, zinaomba mdomo wenye kichwa cha mviringo. Aina hizi mbili hazibadilishani, hata kama filete zinaingia. Fundi alinganishe na tiyo ya zamani aliyoitoa.

Rakore ianze kuingia kwa vidole. Ikikataa, kuna kosa, usilazimishe na funguo.

Mambo matatu tunayakataa kabisa, hata fundi akisema ni ya muda: kuunga tiyo iliyokatika kwa mpira na waya, kuichomea, na kuipiga nyundo ili kuziba gurudumu moja. Hii ya tatu tunaikuta kila mahali. Gari yenye freni upande mmoja inavuta upande ule, na kwenye udongo wa mvua inageuka kabisa.

Njia ya tiyo ifuate ile ya zamani: mbali na eshapema, na vishikizo kila mahali vilipokuwa, sababu tiyo inayotikisika inakatika. Fleksible za mpira pia zibadilishwe. Kwa ndani zinavimba na kuziba bila kuonekana kwa nje. Geuzeni usukani mpaka mwisho pande zote mbili, muone kama inagusa tairi. Kwa nyuma, Hilux nyingi zina valvu yenye mkono ao springi inayopima mzigo: gari ikishuka kwa uzito, freni za nyuma zinapata nguvu zaidi. Mafundi wanapenda kuitoa. Ibaki, na isafishwe ili isikwame.

Mafuta yawe DOT 3 ao DOT 4, kufuatana na maandishi ya kifuniko, na kopo lifunguliwe siku ile. Mafuta haya yanakunywa maji ya hewani. DOT 3 mpya inachemka kwa digri zisizopungua 205. Ikiisha kunywa maji, inaweza kuchemka kwa 140. Ikichemka katika mteremko mrefu, pedali inakanyaga mvuke. Mafuta ya motere hapana, hata tone: yanavimbisha mipira yote. Maji ya sabuni nayo hapana.

Kutoa hewa kuanzie gurudumu lililo mbali zaidi na pompi, kisha kusogea karibu, na chupa ya mafuta isiachwe kukauka. Halafu mtu mwenye nguvu akandamize pedali na kuishikilia dakika nzima, mwingine apite chini na toroshi na karatasi kavu, agusishe kila rakore. Karatasi ikilowa, ao pedali ikishuka polepole, gari haitoki. Ikipita, ijaribiwe tupu mahali tambarare, kisha na nusu ya mzigo, kabla ya kushuka mlima wowote.

Kwa kamati zinazoandaa devi za msimu huu: tiyo, fleksible na mafuta ziandikwe kila moja kwenye mstari wake, na tiyo zilizotolewa zirudishwe ofisini, hata vipande. Sisi hatutazifuta tena.