Zile Herufi Baada ya Jina la Shaaban Robert

Wanafunzi wangu huniuliza mara kwa mara maana ya herufi M.B.E. zilizowahi kuchapishwa baada ya jina la marehemu Shaaban Robert. Jibu la haraka ni kwamba alitunukiwa nishani na Waingereza waliokuwa wakiitawala Tanganyika. Jibu hilo si la uongo, lakini linaficha jambo zito.

Nishani, neno lililotujia kutoka Kiajemi, ni alama tu, na alama huwa ya kitu fulani. Hiyo M yasema “mwanachama”. Chama chenyewe kiliundwa na Mfalme George wa Tano mwaka wa 1917, vita vikiwa vimepamba moto, na Waingereza hukiita kwa neno lile lile wanalowaitia watawa wa Kikatoliki wanaoishi chini ya kanuni moja. Kwa hiyo kinakaribia tarika kuliko zawadi: kina mkuu wake, ambaye ni mfalme, kina kanisa lake chini ya Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo, London, na kina ngazi tano, M.B.E. ikiwa ya chini kabisa. Ni ngazi mbili za juu tu zinazompa mwanamume haki ya kuitwa “Sir”.

Haki hiyo nayo ina mpaka. Raia wa nchi ambayo mfalme si mkuu wake huingizwa kwa heshima tu. Bill Gates, Mmarekani, alipewa ngazi ya pili mwaka wa 2005 na hakuwa “Sir Bill”. Mkenya naye yumo katika hali hiyo hiyo, kwani nchi yetu ni jamhuri tangu 1964. Waandishi wetu wanaopenda kugawa “Sir” kiholela wangefanya vyema kulikumbuka hilo.

Kuingia hutaka ridhaa. Kamati hupendekeza, mhusika huulizwa kwa siri, naye aweza kukataa, kama alivyofanya mshairi Benjamin Zephaniah hadharani mwaka wa 2003 kwa sababu ya neno “Empire”, yaani himaya, lililomkumbusha utumwa. Kutoka ndiko kugumu. John Lennon alirudisha medali yake mwaka wa 1969, lakini kurudisha alama si kufuta uanachama. Mfalme au malkia pekee ndiye awezaye kuufuta. Mauti nayo huukomesha. Ndiyo maana, madhambi ya mtangazaji Jimmy Savile yalipofichuka mwaka wa 2012 akiwa amekwisha kufa, ilielezwa kwamba hapakuwa na cha kumvua.

Sasa turudi kwa Shaaban Robert. Alifariki mwaka wa 1962, na uanachama wake ukakoma siku hiyo. Himaya iliyotajwa na ile E haipo tena. Hata kamati ya Bunge la Uingereza ilipendekeza mwaka wa 2004 neno hilo libadilishwe, wala halikubadilishwa. Simlaumu mshairi kwa kupokea: mtawaliwa wa wakati ule hakuwa na uhuru wa Zephaniah. Katika matoleo ya zamani herufi hizo na zibaki, kwa kuwa ni historia. Lakini mchapishaji anayezipanga upya leo kwenye jalada jipya, ati kumwongezea hadhi mwandishi wa Kusadikika, anamwandikisha tena marehemu katika chama ambacho hawezi tena kuulizwa kama anakitaka.