Vifaa vya Elektroniki Safarini kati ya Visiwani na Old Moshi: Kumchagua Msafirishaji Mwenye Bima

Watumishi wa Serikali na wananchi wa Unguja na Pemba wenye watoto wanaosoma Moshi, wenye jamaa waliohamia huko, au wenye shughuli za kikazi na taasisi za Mkoa wa Kilimanjaro, hupeleka na kuletewa kompyuta, projekta, kamera na hata vifaa vya tiba. Vitu hivi ni vyepesi, ni ghali, na huvunjika upesi. Maelezo yafuatayo yanakusudia kumsaidia mtumaji kumjua msafirishaji anayestahili kukabidhiwa mzigo wa namna hiyo, na khasa kubainisha jambo linalowapotosha wengi: mzigo wenye risiti, au hata uliopelekwa kwa rejista, si lazima uwe mzigo wenye bima.

Kila msafirishaji halali hubeba dhima fulani kwa mzigo aliopokea. Dhima hiyo ina ukomo, na mara nyingi ukomo wake hupimwa kwa uzito wala si kwa thamani. Chukua mfano wa mzigo unaotoka Muscat au Dubai kwa ndege. Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao Tanzania ni mwanachama wake, unaweka ukomo wa fidia ya mizigo kuwa SDR 26 kwa kila kilo, kiwango kilichoanza Disemba 28, 2024. SDR ni kipimo cha fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa, na katika miaka ya karibuni SDR moja imekuwa ikizidi kidogo dola moja ya Marekani. Kompyuta ya mkononi ambayo pamoja na sanduku lake ina kilo 3 itafidiwa kwa SDR 78 tu, hata kama ilinunuliwa kwa bei mara kumi ya hiyo, isipokuwa mtumaji awe ametangaza thamani yake kabla ya safari na kulipa ada ya ziada pale inapotakiwa. Kwa vifurushi vya kawaida vya posta vinavyotoka nchi za nje, kanuni za Umoja wa Posta Duniani kwa miaka mingi ziliweka SDR 40 kwa kifurushi pamoja na SDR 4.50 kwa kila kilo. Kompyuta ile ile ingepata SDR 53 na nusu.

Kwa safari za ndani ya nchi, ukomo wa dhima huandikwa katika masharti ya msafirishaji, aghalabu nyuma ya risiti na kwa herufi ndogo. Hapo ndipo pa kusoma kwanza, kabla ya kuuliza nauli. Asiyeonyesha masharti yake kwa maandishi hafai kukabidhiwa kitu cha thamani.

Huduma za posta ni katika mambo ya Muungano, na anayesafirisha vifurushi vya watu kwa malipo anatakiwa kuwa na leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, yaani TCRA. Shirika la Posta Tanzania, lililoanza kazi Januari 1994 baada ya kugawanywa kwa lililokuwa Shirika la Posta na Simu, linatoa huduma ya haraka ya EMS. Zipo pia kampuni binafsi za kimataifa na za ndani. Mazoea ya kumpa kondakta wa basi sanduku lililoandikwa namba ya simu kwa kalamu ya wino mzito yanajulikana na kila mtu, na kwa gunia la viazi au ndizi za mlimani hayana ubaya mkubwa. Kwa kompyuta ni jambo jingine, maana sanduku likipotea hakuna mkataba wa kudai juu yake.

Msafirishaji akisema kuwa mizigo yake ina bima, swali la kumwuliza ni: bima hiyo ni ya nani? Mara nyingi huwa ni bima ya chombo chake, au ya kumlinda yeye dhidi ya madai ya watu, na wala haimpi mtumaji haki ya moja kwa moja. Mtumaji anahitaji bima ya mali safarini iliyotaja jina lake au la mpokeaji, aina ya kifaa, namba yake ya kiwandani, thamani yake, na safari nzima. Msafirishaji anaweza kuipanga bima hiyo kwa niaba ya mtumaji, au mtumaji akaikata mwenyewe kwa kampuni iliyosajiliwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, TIRA. Hati yoyote inayotiliwa shaka inaweza kuulizwa kwa mamlaka hiyo, ambayo ina ofisi Zanzibar.

Kwa mizigo inayovuka bahari, kampuni nyingi za bima duniani hutumia masharti yaliyotungwa London, yanayotambulika kwa herufi A, B na C, na kufanyiwa marekebisho mwaka 2009. Tofauti zake zina uzito mkubwa kwa vifaa vya elektroniki. Daraja C, ambalo ni rahisi kwa bei, hulipa kwa maafa yaliyotajwa tu: moto, mlipuko, chombo kuzama au kukwama, gari kupinduka, mgongano na mengine machache. Daraja B linaongeza mambo kama maji ya bahari kuingia chomboni. Wizi wa kawaida haumo katika madaraja hayo mawili, wala kioo cha kompyuta kilichopasuka kwa sababu sanduku liliangushwa gatini na kuokotwa. Daraja A ndilo hulipa kwa hasara ya namna yoyote, isipokuwa zile zilizotolewa kwa maandishi. Na hata daraja hilo halilipi hasara iliyotokana na ufungaji hafifu wala iliyotokana na kuchelewa kwa mzigo. Aidha, baadhi ya kampuni huongeza sharti kwamba kifaa kilichoacha kufanya kazi bila alama yoyote ya nje hakifidiwi, na kwamba kifaa kilichokwisha kutumika hupewa kinga finyu.

Sharti hilo la alama ya nje lafaa litazamwe kwa karibu. Tuchukulie zahanati ya mlimani imeleta kwa matengenezo kile kipande cha mashine ya ultrasaundi kinachopitishwa juu ya tumbo la mama mjamzito. Uzito wake haufiki kilo moja, na bei yake ni mamilioni ya shilingi. Ndani yake mna fuwele nyembamba ambazo zikipata kishindo hupasuka ilhali ganda la nje limebaki zima. Kasoro huonekana baadaye tu, kwa michirizi myeusi katika picha. Kwa dhima ya uzito, fidia yake haitoshi hata kununua waya wake. Kwa bima yenye sharti la alama ya nje, haifidiwi kabisa, na akina mama watateremka mjini kutafuta kipimo mpaka zahanati ipate fedha nyingine. Dawa yake ni kuomba sharti hilo liondolewe au lilegezwe kwa maandishi, na kukijaribu kifaa mbele ya shahidi siku ya kukifunga, matokeo yakaandikwa na kutiwa tarehe na saini.

Thamani itangazwe kwa ukweli. Anayetangaza nusu ya thamani ili apunguze ada anaweza kulipwa nusu tu ya hasara, hata pale kifaa kilipoharibika kwa sehemu.

Sasa tuitazame njia yenyewe. Mzigo unaotoka Unguja hupanda boti Malindi, hushuka Dar es Salaam, hubadilishwa gari, kisha husafiri zaidi ya kilomita 500 kupitia Chalinze, Korogwe na Same hadi Moshi mjini. Lakini Moshi mjini si Old Moshi. Wajerumani waliweka boma lao juu mlimani, na reli kutoka Tanga ilipofika uwandani mwaka 1911 mji mpya ulikua kule chini kwenye stesheni. Tangu hapo mzigo wa Old Moshi hushushwa mjini, kisha hupanda kwa njia yake kupitia Kiboriloni hadi Kidia na vijiji vya jirani. Hati nyingi za bima hukoma kwenye ofisi ya msafirishaji mjini. Kipande kilichobaki, chenye miinuko na makorongo, mara nyingi kifaa hukipanda kikiwa juu ya pikipiki, bila kinga yoyote. Ama bima iandikwe hadi mlangoni kwa mpokeaji, ikitaja anwani ya makazi na postikodi yake, ama mpokeaji ateremke mwenyewe na akikague kifaa mjini. La pili ni nafuu zaidi.

Kuhusu ufungaji: sanduku la kiwandani likiwapo, litumike, kisha litiwe ndani ya sanduku jingine kubwa zaidi lenye vijazio vya angalau sentimita 5 kila upande. Kifaa kisisogee sanduku likitikiswa. Nje pasiandikwe jina la kifaa wala kuachwa picha yake. Pakiti za kunyonya unyevu zisisahauliwe, maana hewa ya pwani ina chumvi na maji. Kifaa kilichotoka kwenye baridi kiachwe saa kadhaa katika kifungio chake kabla ya kuwashwa. Betri za lithiamu-ioni zinazopelekwa peke yake haziruhusiwi kuwa mizigo ya ndege za abiria tangu Aprili 1, 2016. Kuzificha ni kosa, na kunaweza kuivunja bima yenyewe.

Mpokeaji asitie saini ya kupokea salama kabla ya kufungua. Akizuiwa kufungua, aandike juu ya hati kwamba mzigo haujakaguliwa. Saini isiyo na maelezo huchukuliwa kuwa ushahidi kwamba kitu kilifika kizima, na kuukanusha baadaye ni kazi ngumu. Kwa mizigo ya ndege kutoka nje, malalamiko ya uharibifu hutakiwa yafike kwa maandishi ndani ya siku 14 tangu kupokelewa. Wasafirishaji wa ndani huweka muda wao, na baadhi ni mfupi sana. Vifungio visitupwe mpaka mkaguzi wa bima avione.

Madai yakikataliwa na msafirishaji, malalamiko hupelekwa kwake kwanza kwa maandishi, kisha TCRA. Yakikataliwa na kampuni ya bima, ipo Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, iliyoundwa chini ya Sheria ya Bima ya mwaka 2009. Kwa mali ya Serikali, mtumishi apate kwanza idhini ya Afisa Masuuli wake, na nakala ya hati ya bima ibaki katika jalada la ofisi iliyotuma, isisafiri pamoja na kifaa.