Mbegu kwa Kipimo, Mbolea kwa Kipimo

Sote twaujua mfano wa mpanzi tuliousikia kanisani. Mbegu zilikuwa za namna moja. Tofauti ilikuwa katika ardhi iliyozipokea. Leo twataka kuutazama mfano huo kwa macho ya mkulima wa ngano, kama wale walimao katika milima ya Lubero, kusini ya Butembo.

Shamba likichoka na mavuno yakipungua, mtu hushawishika kusema: «Tuongeze mbegu.» Je, ni shauri jema?

Hesabu ya mbegu

Punje 1000 za ngano zina uzito wa gramu 40 hivi. Basi, kilo 100 zilizopandwa katika hektari moja ni punje 250 hivi katika kila meta ya mraba. Kilo 100 hadi 120 kwa hektari hutosha mashamba mengi yanayopandwa kwa mistari. Mwenye kurusha kwa mkono huongeza kidogo, maana nyingine hazifunikwi na udongo, na ndege huzila.

Mwenyezi Mungu ameujalia mmea wa ngano uwezo wa kuzaa machipukizi kutoka shina moja, na kila chipukizi laweza kuleta suke lake. Lakini mimea ikibanana hunyang'anyana mwanga, maji na chakula. Kila mmoja huinuka na bua jembamba na suke dogo. Upepo ukivuma, huanguka. Unyevu ukikaa katikati yake, magonjwa ya majani huenea upesi. Zikipandwa chache mno, magugu hujaza nafasi. Na aliyemwaga kilo 200 mahali palipotosha 100 ametupa kilo 100 za chakula ambacho mama angewasagia watoto.

Ardhi nayo yataka kula

Huko Uingereza, mahali paitwapo Rothamsted, Bwana John Bennet Lawes na mwenzake Joseph Henry Gilbert walianza mwaka 1843 kujaribu mbolea katika shamba la Broadbalk. Ngano ingali ikilimwa humo hata leo. Kipande kilichonyimwa kila mbolea kilitoa karibu tani 1 tu kwa hektari, mwaka hata mwaka. Kipande jirani, kilichopewa tani 35 za samadi kwa hektari kila mwaka, kilitoa zaidi ya mara mbili. Mbolea za viwandani zenye azoti, fosfori na potasi, zilipotiwa pamoja na kwa kadiri ya kutosha, zilileta mavuno yaliyokaribia yale ya samadi. Fundisho ni wazi: mbegu hazijazi pengo la ardhi yenye njaa.

Hata hivyo, mbolea nayo ina kiasi chake. Azoti hukuza majani na machipukizi. Ikizidi, bua hurefuka na kulegea, ngano hulala chini kabla ya kuvunwa. Bwana Norman Borlaug aliiona shida hiyo huko Meksiko. Akachanganya ngano za huko na ngano fupi iliyotoka Japani, akapata aina zenye bua fupi na imara, ziwezazo kuhimili mbolea nyingi. Kwa kazi hiyo ya kuwalisha wenye njaa alipewa tuzo ya Nobel ya amani mwaka 1970.

Tufanyeje?

Samadi iliyooza vema ichanganywe na udongo kabla ya kupanda. Mwenye mbolea ya dukani asitie azoti yote siku moja: sehemu iende pamoja na mbegu, nyingine wakati wa machipukizi, mvua isipokuwa kali. Tena, tupime wenyewe. Tutenge vipande vinne vilivyo sawa: viwili vya mbegu kidogo, viwili vya mbegu nyingi, katika kila jozi, kimoja kipewe samadi na kimoja kisipewe. Wakati wa mavuno tupime punje za kila kipande mbalimbali. Hata wanafunzi waweza kuifanya kazi hii katika bustani ya shule, na mizani itasema ukweli.

Tukumbuke kwamba mkate wa altare, kwa sheria ya Kanisa, ni wa ngano tupu. Nafaka iliyopewa heshima hiyo yastahili kulimwa kwa akili. Ardhi tumekabidhiwa, tusiidai mavuno pasipo kuilisha.