Nyota Nyeupe ya Samaki wa Kusini

Mwezi wa Oktoba, yapata saa tatu za usiku, tukisimama uani na kuelekea kusini twaona juu sana nyota moja nyeupe, ikiwa peke yake, wala karibu nayo hapana nyingine ing'aayo hivyo. Jina lake Fomalhaut. Ajuaye Kiarabu atalitambua mara moja, maana asili yake ni Fam al-Hut, yaani kinywa cha samaki. Nayo imo katika kundi liitwalo Samaki wa Kusini. Kusema kweli, samaki mwenyewe ni taabu kumwona, kwa kuwa nyota zake nyingine ni hafifu mno.

Kwa nini ni nyeupe? Mhunzi akitia chuma motoni na kuvukuta mivukuto yake, chuma huwa chekundu kwanza, kisha cha manjano. Joto likizidi sana, huwa cheupe. Nyota nazo ni vivyo hivyo. Uso wa jua letu una joto la digrii 5,500 hivi za Sentigredi. Wa Fomalhaut wapita digrii 8,000.

Uzito wake wakaribia kuwa mara mbili ya ule wa jua, lakini mwanga wake ni mara kumi na sita. Hapo ndipo penye ajabu. Tufikiri taa mbili: moja ina mafuta mara mbili ya mwenzake, walakini utambi wake wala mafuta mara kumi na sita. Ipi itazimika kwanza? Jua letu limekwisha kuwaka miaka milioni 4,600, na bado lina mingi kama hiyo. Fomalhaut ina umri wa miaka milioni 440 tu, na maisha yake yote hayatazidi sana miaka milioni 1,000.

Mwanga wake hutufikia baada ya miaka 25, nao hukimbia maili 186,000 kila nukta moja. Eropleni iendayo maili 500 kwa saa ingehitaji zaidi ya miaka milioni 33.

Mwaka 1983 chombo kilichorushwa nje ya hewa yetu kilipima joto lisiloonekana kwa macho, kama lile litokalo katika jiwe baada ya jua kuchwa. Kikagundua joto ambalo nyota yenyewe haiwezi kulitoa. Lilikuwa la vumbi, nalo limeizunguka nyota kama pete, mbali nayo mara 140 kuliko dunia ilivyo mbali na jua.

Mwaka 2008 wataalamu wakatangaza kwamba wameona nukta ndogo karibu na pete hiyo, wakasema ni sayari. Habari ikaenea ulimwenguni, na wengi wakafurahi, nasi pia. Lakini kila ilipopigwa picha tena nukta ilizidi kufifia na kutanuka, hata katika picha za mwaka 2014 haikuonekana kabisa. Sayari haitawanyiki kama moshi. Basi mwaka 2020 wataalamu wawili wakaeleza kwamba yaelekea haikuwa sayari kamwe, bali wingu la vumbi lililotoka katika magimba mawili ya barafu yaliyogongana. Sayari iliyotangazwa ikafutwa. Na mgongano wenyewe, ambao hakuna aliyekuwa akiutafuta, ukaandikwa mahali pake.